Mke Wangu Alikataa Kufungua Sanduku

Mteja alinipigia simu mwenyewe, akanielekeza mwenyewe mpaka mbele ya geti lake. Nilipofika, akanitazama usoni akasema hanijui.

Simu yangu ilikuwa bado ya moto. Muda mfupi tu nyuma alikuwa akinilalamikia, "Njoo baba, wananimaliza, mwili wote vipele." Sauti ni ile ile. Sasa mwenye sauti yuko mbele yangu, ameziba geti kwa mwili wake, na upande wa pili wa barabara majirani zake wawili wameacha kuanika nguo wanatutazama.

"Umekosea nyumba," akasema.

"Mama, si wewe uliyenipigia sasa hivi?"

"Nimekwambia umekosea nyumba. Hapa hatuna shida hiyo."

Nikatoa simu nikabonyeza namba yake. Mfuko wa gauni lake ukaanza kulia. Tukautazama wote wawili, yeye na mimi, mpaka ukanyamaza.

Akafunga geti.

Jamani, kabla sijaendelea niwaambie kazi yangu. Mimi naua kunguni. Napulizia dawa majumbani, kwenye mabweni, kwenye nyumba za wageni, popote watu wanapolala na kuamka wakijikuna. Kazi hiyo imenijengea vyumba vitatu na inasomesha watoto wawili, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke amalize, tuendelee.

Nilianza na pampu moja ndogo ya mkono. Tulikuwa wawili, mimi na mke wangu. Mmoja anapulizia, mwingine anashika tochi na kuinua magodoro. Yeye ndiye alikuwa na jicho. Mimi nitapita kitanda kizima nikasema ni safi, yeye atapitisha kidole kwenye mshono wa godoro na kuniambia, "Rudi hapa, baba watoto." Na kweli, wapo, wamejipanga.

Watoto walipokuja akakaa nyumbani, akawa anapokea simu tu. Karatasi za matangazo za kwanza tulizobandika mitaani zilikuwa na namba yake.

Kazi ikakua. Nikanunua pikapu kuukuu, nikaona sasa ni wakati wa kujitangaza kama watu wa maana. Nikamwita mchoraji. Akanichorea ubavuni mwa gari kunguni mkubwa kama mbuzi, mwekundu, amelala chali na miguu juu, na mimi nimesimama juu ya tumbo lake na pampu mkononi. Chini yake maandishi ya njano: DOKTA WA KUNGUNI. Nikashonesha na ovaroli nyekundu yenye mdudu huyo huyo mgongoni.

Mke wangu alilizunguka lile gari taratibu.

"Huyu mdudu anatisha," akasema.

"Ndiyo kazi yake."

"Likisimama mlangoni kwa mtu, mtaa mzima utajua."

"Sasa tangazo ni la nini, mama? Likae kimya?"

Aliingia ndani kuendelea na shughuli zake, na mimi nikajua nimeshinda.

Mwanzoni gari lilinipa raha. Watoto walilikimbilia, watu wazima walilipiga picha. Nikipita mjini najiona waziri. Halafu simu zikaanza kupungua. Halafu likatokea lile la geti.

Jioni nikaenda kwa kinyozi.

Huyu kinyozi ni rafiki yangu wa siku nyingi, na kibanda chake ndicho kilikuwa kijiwe changu. Pale nilikuwa nawapa watu hadithi za kazi. Nawaambia leo nimekuta kiota ndani ya redio, leo nimekuta kunguni kwenye fremu ya picha ya harusi, bibi harusi kapata madoadoa usoni. Naonyesha na picha kwenye simu. Watu wanacheka mpaka kinyozi anazima mashine asije akamkata mtu sikio. Mimi nilihesabu hayo kuwa sehemu ya kutafuta wateja, maana atakayecheka leo kesho atanikumbuka akianza kujikuna.

Nilipomsimulia habari ya geti, kinyozi hakucheka.

"Una mtu nyuma yako," akasema.

"Mtu gani?"

"Anayekula wateja wako. Mama wa watu hawezi kukuita halafu akukane. Hapo katikati kuna mkono umeingia."

Maneno yale yakanikaa kifuani. Usiku mzima nikawa nageuka tu kitandani. Wiki tatu baadaye, simu zimekauka kabisa, nikaanza kuwapigia wateja wangu wa zamani mmoja mmoja, kwa upole, kana kwamba nawasalimia.

Msimamizi wa nyumba ya wageni, yule niliyempulizia mara mbili mwaka uliopita, akasema, "Tuko salama kabisa, dokta, hatuna tatizo."

Mwalimu mmoja akasema amehama mji.

Mama wa saluni ya nywele akasema, "Tumenunua magodoro mapya, baba, asante," akakata simu kabla sijaaga.

Hapo machale yakanicheza. Sikilizeni, hii ni kazi yangu na naijua. Dawa inaua kunguni, haiui mayai. Ukipulizia leo, baada ya wiki mbili mayai yameanguliwa na lazima urudi upige mara ya pili. Usiporudi, umefanya kazi bure, mwezi haumaliziki watu wanajikuna upya. Yule mama wa saluni nilikuwa nimempulizia mara moja tu, mwezi mmoja nyuma. Mara ya pili hakuniita. Sasa anawezaje kuwa salama? Godoro jipya si kitu, kunguni anakaa kwenye mbao za kitanda akisubiri uliweke.

Kwa hiyo kuna mtu alirudi. Kuna mtu alipiga ile mara ya pili, tena kwa wakati wake, tena vizuri.

Nikaanza kumtafuta mtu huyo. Nikawa napita na gari polepole mitaani nikichungulia kuta, kama kuna karatasi mpya zimebandikwa. Hakuna. Nikauliza maduka ya dawa kama kuna fundi mgeni anayenunua. Hakuna. Nikimwona mtu yeyote amebeba kitu mgongoni namfuata mpaka nihakikishe ni begi la shule. Nilifika mahali namshuku hata mzoa taka.

Siku moja nikaingia stoo yangu kuchanganya dawa. Nikainua dumu. Likawa jepesi.

Nikalitikisa. Nikalirudisha chini. Nikasimama pale nikilitazama.

Kazi hakuna, dawa inakwisha. Inakwenda wapi?

Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaweka alama ndogo kwenye dumu, mahali dawa ilipoishia. Sikumwambia mtu. Baada ya siku chache nikarudi. Dawa ilikuwa chini ya alama kwa upana wa vidole viwili.

Na ile pampu ndogo ya mkono, ile ya kwanza kabisa, haikuwepo kwenye msumari wake.

Stoo ile ina funguo mbili. Moja ninayo mimi. Nyingine anayo mke wangu.

Sikutaka kuamini, nawaambia ukweli. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikajitafutia kila sababu. Labda imevuja. Labda jua. Labda watoto. Lakini kufuli lilikuwa zima na dumu lilikuwa zima, na watoto wangu hawafiki kwenye ule msumari hata wakibebana.

Tangu siku hiyo nikaacha kumtafuta mwizi mitaani, nikaanza kumtazama mke wangu.

Ukimtazama mtu ukiwa na shaka, kila kitu chake kinageuka ushahidi. Simu yake ikilia anatoka nje kuipokea. Nikiingia jikoni anashusha sauti. "Ndiyo. Ndiyo. Nimeelewa. Hapana, hajui. Hawezi kujua." Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, nimesimama nyuma ya mlango na soksi tu miguuni ili nisisikike.

"Nani huyo?" nikamwuliza.

"Mtu tu."

"Mtu tu ndiye asiyejua nini?"

Akanitazama. "Baba watoto, kula chakula kitapoa."

Halafu lile sanduku. Tulikuwa na sanduku la safari, la bluu, lenye magurudumu, tulilopewa wakati wa harusi. Likawa linatoka. Nikiondoka asubuhi na pikapu kwenda kutafuta kazi, yeye naye anatoka nalo. Nililijua hilo kwa jirani yetu, ambaye aliniuliza kwa huruma ya kunichimba, "Shemeji anasafiri safiri siku hizi, kwema?"

Na akirudi haniamkii. Anapita moja kwa moja bafuni, anaoga kichwa mpaka kidole, anafua nguo alizovaa, ndiyo anakuja kuniuliza habari za kutwa.

Nilimwuliza alikokuwa. Akasema kwa dada yake. Nikampigia shemeji yangu huyo, nikamzunguka kwa salamu, akaniambia mwenyewe bila kuulizwa, "Mwambie mdogo wangu anitembelee jamani, kanisahau."

Nikampelekea kinyozi mzigo wote huo. Alikuwa ananyoa mtu, akanyoa mpaka akamaliza upande mmoja ndipo akasema.

"Mke anayetoka na sanduku mchana na kurudi nalo jioni hajasafiri. Anahama kidogo kidogo."

Yule aliyekuwa ananyolewa akaguna.

Kumbukeni nilikuwa nimeshapoteza kazi. Sasa naona na nyumba inaondoka. Mwanamume akifikishwa hapo, akili inabaki kidogo sana.

Siku iliyofuata niliwasha pikapu kama kawaida, nikaiacha nyuma ya soko, nikarudi kwa miguu. Nilikuwa nimevua ovaroli, nimevaa shati la kawaida na kofia nimeivuta chini. Nikakaa kwenye duka la jirani mpaka nikamwona anatoka. Sanduku linamfuata nyuma, magurudumu yanalia kwenye changarawe. Kavaa vizuri, kafunga kilemba, anatembea kama mgeni anayetoka kituo cha mabasi.

Nikamfuata.

Alikata mitaa miwili, akavuka barabara kubwa, akapita nyuma ya nyumba moja ya matofali na kugonga mlango wa uani. Mlango ukafunguliwa upesi, akaingia, ukafungwa.

Nyumba hiyo naijua. Nyote mngekuwa wa kwetu mngeijua. Ni ya fundi cherehani, tena fundi mwenye jina lake, ambaye hakuna harusi inayopita bila yeye kushona gauni. Chumba cha mbele ndicho karakana yake, na sanamu mbili za kuvalishia nguo zimesimama dirishani. Mkewe alifariki miaka kadhaa nyuma. Anaishi peke yake.

Nikazunguka mbele. Karakana imefungwa mchana kweupe. Nikatazama madirisha ya vyumba, yote yamefungwa, mapazia yamevutwa, na joto lile la saa sita ambalo hata mbwa wanatafuta kivuli. Nani anajifungia ndani na joto hilo kama hana la kuficha?

Niligonga mlango kwa ngumi.

Fundi alifungua kidogo tu, akajitoa nje na kuuvuta nyuma yake. Jasho linamtoka. Vifungo viwili vya shati viko wazi.

"Karibu, kaka," akasema.

"Mwite mke wangu."

"Mke wako? Hayupo hapa."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotoa sauti. Sitayarudia niliyoyasema, mengine hata sikumbuki. Ninachojua ni kwamba mtaa ulitoka. Waliokuwa wanapika waliacha moto, waliokuwa wamelala waliamka. Duara likajaa kabla sijamaliza sentensi ya tatu. Nikawaambia wote kwamba mke wangu yumo mle ndani na sanduku lake, na huyu mwanamume anamficha.

Fundi alikuwa anasema, "Kaka, taratibu, kaka, taratibu," na macho yake yanazunguka kwenye zile nyuso.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Mke wangu akatoka.

Alikuwa na sanduku lake. Uso umelowa jasho na kilemba kimelegea. Watu wakashusha pumzi wote kwa pamoja, halafu minong'ono ikaanza. Nikasikia neno baya upande wangu wa kushoto, likasemwa kwa raha kabisa.

"Si nilisema," nikasema. Hata sijui nilikuwa namwambia nani.

Kijana mmoja wa mtaani, wa wale wasiokosa ugomvi, akapenya mbele. "Afungue sanduku. Tuone kama ni nguo kahamisha au nini."

"Afungue," wengine wakaitikia.

Mke wangu alilaza sanduku chini. Nikadhani anafungua. Akakaa juu yake.

"Hili halifunguliwi," akasema.

"Kama huna kosa unaogopa nini?" kijana akauliza.

"Halifunguliwi."

Akaniinulia macho. Hakuwa analia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

"Baba watoto," akasema, "ukitaka nirudi kwetu leo, nitarudi. Ukitaka kuniita ulivyoniita, umeshaniita, wamesikia. Lakini sanduku halifunguliwi hapa."

Nikamsogelea nilivute kwa nguvu. Nikainama, na nilipoinama ndipo nikaona alama usoni mwake. Mistari miwili imebonyea, inatoka juu ya pua inashuka mashavuni. Mistari hiyo naijua, mimi huwa nayo kila siku ya kazi. Ni ya barakoa ya mpira tunayovaa tukipulizia.

Na harufu. Ilikuwa kwenye kilemba chake, kwenye mikono yake, ile harufu ambayo haitoki mpaka uoge kichwa mpaka kidole.

Ilikuwa dawa yangu.

Nikamtazama fundi. Akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayeomba asiuawe. Nyuma yake, ndani ya karakana, nikaona magauni meupe yamening'inia ukuta mzima, ya mabibi harusi wa watu. Nikaelewa kila kitu mara moja. Sanduku likifunguliwa, pampu inatoka, barakoa inatoka, mke wangu anakuwa safi mbele ya dunia. Na fundi amekwisha. Nani atapeleka gauni la binti yake kwenye nyumba ya kunguni?

Mke wangu alilijua hilo. Alikuwa amekaa juu ya sanduku, anaitwa malaya na mtaa mzima, tena mumewe ndiye aliyeanza, na neno moja tu lingemtoa. Hakulisema.

"Fungua," kijana akarudia.

Nikasimama. Nikavua kofia. Sikuwahi kuhisi aibu ya namna ile na sitaki kuihisi tena.

"Hakuna cha kufungua," nikasema. "Ni nguo zangu mwenyewe. Nilimtuma azilete zipunguzwe, nimekonda siku hizi. Nimesahau kama nilimtuma."

Kijana akanikunjia uso.

"Umesahau?" kijana akauliza.

"Nina wivu," nikasema. "Ni ugonjwa. Nimekuja kumvunjia mtu heshima yake bure. Fundi, nisamehe. Mama watoto, nisamehe."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka sokoni. Lakini kijana yule hakucheka, alikuwa bado analikodolea macho sanduku. Akanyoosha mkono kulishika.

Na hapo likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama.

Mwanamke mmoja akatoka kwenye duara, akampiga kijana kofi la mkononi. "Toa mkono wako. Mume mwenyewe kasema, wewe ni nani? Tawanyikeni, kila mtu kwake."

Nikamtambua. Mama wa geti, yule asiyenijua.

"Kweli, twendeni," sauti nyingine ikadakia. "Ugomvi wa mke na mume unawahusu nini?" Alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni.

Mama wa saluni alishika wanawake wawili mikono, anawavuta, anawaambia mboga zinaungua. Na kule nyuma kulikuwa na mwanamume mrefu anawasukuma watoto kwa upole, "Haya, haya, nyumbani." Ndiye mwalimu aliyehama mji.

Nikageuza shingo taratibu. Kila aliyekuwa anahangaika kutawanya watu, namjua. Niliwahi kuinua godoro lake. Wote walikuwa wateja wangu waliopotea, na wote walijua mle sandukuni mna nini. Hakuna aliyeweza kusema, maana angesema angeulizwa, "Wewe umejuaje?"

Tulitembea kurudi nyumbani mimi nikivuta sanduku. Alioga, akafua. Nikamsubiri nimekaa kwenye kiti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Alipotoka alikaa mbali nami.

"Walikuwa wananipigia mimi," akasema. "Ile namba ya zamani. Wa kwanza alikuwa yule mama mwenye geti. Alikuita wewe kwa sababu alikuwa amezidiwa, akaona gari linasimama kwake na yule mdudu, majirani wanatazama. Akanipigia analia. Nikachukua pampu ndogo nikaenda nayo kwenye sanduku, kama mgeni. Akamwambia mwenzake. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Walinipa sharti. Kila mmoja, sharti hilo hilo. Mume wako asijue."

"Nisijue mimi? Kazi si yangu?"

"Wewe unahadithia."

Nikakikumbuka kibanda cha kinyozi.

"Kinyozi anajua godoro la kila mtu hapa mjini," akaendelea. "Fremu ya picha ya harusi uliicheka pale, mwenye picha alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri zamu. Alitoka bila kunyoa. Wewe hukumwona. Watu hawakuacha dawa yako, baba watoto. Dawa yako nzuri. Wanaogopa mdomo."

"Ungeniambia tu ninyamaze."

"Nilikwambia siku ya gari. Ukaniuliza tangazo likae kimya?"

Halafu akasema lile ambalo limenikaa mpaka leo.

"Mchele tuliokula miezi hii ulidhani unatoka wapi? Umeshuku simu, umeshuku bafu, umeshuku sanduku. Sufuria lililojaa wakati huna kazi hukulishuku."

Hapo nililia. Sioni haya kulisema.

Nikamwuliza aliwezaje kubeba jina lile chafu kwa ajili ya kunguni wa mtu mwingine. Akasema, "Nilishamuahidi." Kisha akaongeza, "Wale wote walijua mimi siko hivyo, wakanyamaza kwa kujiogopea. Nimewaelewa. Wewe ndiye uliyesema, na wewe ndiye unayenijua kuliko wote. Hilo litanichukua muda."

Limechukua muda. Bado linachukua. Sijidai.

Kabla jua halijazama simu yake ililia. Alikuwa fundi cherehani. Hakuomba radhi, hakushukuru, hata habari ya mchana hakuigusa. Alitaka kujua tu, ile mara ya pili ni lini.

Mke wangu alinipa simu. "Mjibu. Kwa sauti ya chini."

Gari nimelipaka rangi nyeupe, tupu. Ovaroli inavaliwa ndani ya nyumba ya mteja tu, mlango ukishafungwa. Kwa kinyozi naenda kunyoa, nalipa, naondoka, na yeye amenikasirikia kidogo maana kijiwe kimepoa. Kazi imerudi, kuliko hata zamani. Wateja tunawapata kwa njia moja tu: mtu anamnong'oneza mwenzake kwamba wale watu wanakuja kama wageni na wakitoka hawakumbuki kitu.

Nilidhani nauza dawa. Dawa kila duka linayo. Mtu anayekufungulia chumba chake cha kulala ananunua ukimya wako, na ukimya huo ukivuja mara moja haurudi hata uchore mdudu mkubwa namna gani.

Hapa naandika kwa sababu hamnijui. Kule mtaani jina langu sasa ni Mzee Wivu. Watoto wananiita hivyo, wauza duka wananiita hivyo, na mwanamume akimgombeza mkewe bila sababu anaambiwa, "Usiwe kama Mzee Wivu." Juzi bwana mmoja alinisimamisha njiani, mbele ya watu, akaniuliza ilikuwaje mpaka nikamwaibisha mwanamke mwema vile.

Nilikuwa nimetoka kumpulizia chumba chake asubuhi ile.

Nikamwambia ni ugonjwa tu, kaka, niombee.